Farasi wa buluu wa Denver: kazi ya dola 300,000 ilivyofika dola 650,000

Ukiendesha gari kwenda uwanja wa ndege wa kimataifa wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, unapita Barabara ya Peña. Kabla hujafika jengo la abiria unamwona farasi dume wa buluu amesimama kwa miguu ya nyuma, macho mekundu yanawaka. Ana urefu wa futi 32, karibu mita 10, na uzito wa pauni 9,000, yaani zaidi kidogo ya tani 4. Ni sanamu ya faibaglasi iliyobuniwa na Luis Jiménez. Jiji liliiagiza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa dola 300,000. Ilisimamishwa Februari 11, 2008, na hadi hapo ilikuwa imegharimu dola 650,000. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miadi ya kukabidhi iliyopita moja baada ya nyingine, mvutano wa kisheria kati ya msanii na jiji, na kifo cha msanii mwenyewe ndani ya karakana yake.

Mazungumzo mengi kuhusu farasi huyu huishia kwenye swali la kama anapendeza au anatisha. Swali hilo ni halali, ila kwa mtu anayesimamia fedha za sanaa ya umma kuna jambo zito zaidi. Kanuni iliyotoa fedha ilifanya kazi vizuri, na kamati ilimchagua msanii aliyestahili. Tatizo lilianza pale jiji lilipoweka bei moja kana kwamba linanunua kitu kilichokwisha kutengenezwa, ilhali lilikuwa linaanzisha mradi wa ujenzi wenye hatari zote za ujenzi.

Fedha zilikotoka

Denver ina kanuni ya asilimia moja. Mwaka 1988 meya Federico Peña alitoa agizo la kiutendaji kwamba sehemu ya bajeti ya miradi mikubwa ya jiji itengwe kwa ajili ya sanaa. Mwaka 1991, chini ya meya Wellington Webb, agizo likawa sheria ndogo ya jiji. Kila mradi wa ujenzi wa jiji unaozidi dola milioni 1 hutenga asilimia moja ya bajeti yake ya usanifu na ujenzi. Barabara anayosimama kando yake farasi imepewa jina la Peña huyohuyo.

Tofauti kati ya agizo na sheria ni kubwa kuliko inavyoonekana. Agizo la meya linaweza kufutwa na meya anayefuata asubuhi ya siku yake ya kwanza ofisini. Sheria ndogo inahitaji kura ya baraza, na kura hupigwa hadharani. Jiji linalotaka mpango wake wa sanaa udumu zaidi ya muhula mmoja halina budi kuvuka hatua hiyo mapema, wakati aliyeuanzisha bado ana nguvu au mrithi wake anauunga mkono.

Uwanja mpya wa ndege ulikuwa mradi mkubwa kuliko yote ya jiji wakati huo. Ulifunguliwa Februari 28, 1995, ukiwa umechelewa miezi 16, na gharama yake ilifika takriban dola bilioni 4.8. Mtu akisikia hivyo hukimbilia kukokotoa asilimia moja ya bilioni 4.8 na kudhani sanaa ilipata dola milioni 48. Hesabu za kanuni kama hii haziendi hivyo. Jumla inayotangazwa magazetini hubeba riba ya mikopo, ardhi, mitambo na gharama nyingine ambazo kwa kawaida hazimo kwenye msingi wa kukokotoa. Asilimia huhesabiwa juu ya usanifu na ujenzi, na kwa miradi iliyotajwa tu. Sheria isipofafanua msingi huo kwa maneno makavu, kila idara itautafsiri kwa namna inayoipunguzia mzigo, na fedha za sanaa zitayeyuka bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Kuna lawama iliyorudiwa mara nyingi dhidi ya farasi: kwa nini fedha hizo zisingejenga shule? Jibu ni kwamba zisingeweza. Uwanja wa Denver ni mali ya jiji, lakini ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa hatifungani, yaani mikopo kutoka kwa wawekezaji, zinazolipwa kutokana na mapato ya uwanja, na sheria za shirikisho zinazuia mapato ya uwanja wa ndege kutumika nje ya uwanja wa ndege. Ofisi ya sanaa isiposema hivyo mapema na kwa lugha nyepesi, itabaki inajitetea miaka nenda miaka rudi.

Kanuni hii ina udhaifu mmoja ambao tutaurudia mwishoni: fedha zake ni za kujenga na huja mara moja. Fedha za hatifungani hazikusudiwi kununua rangi na sabuni ya miaka 20 ijayo.

Uteuzi haukuwa na kasoro

Utaratibu wa kawaida wa miji yenye kanuni ya asilimia ni huu. Jiji hutoa wito wa sifa, likiomba picha za kazi zilizopita na barua ya nia, bila michoro mipya. Kamati yenye wasanii, wakazi, mwakilishi wa idara inayojenga na msanifu wa jengo huchagua watu 3 hadi 5. Hao hulipwa posho waandae mapendekezo, kisha huhojiwa, na jina moja hupelekwa kuidhinishwa. Kuwalipa walioteuliwa kwenye orodha fupi ni lazima. Jiji lisilolipa hapo hupata mapendekezo kutoka kwa wale tu wanaoweza kufanya kazi ya mwezi mzima bure.

Jiménez alikuwa chaguo zuri. Alizaliwa El Paso mwaka 1940, akakulia kwenye karakana ya baba yake aliyetengeneza mabango ya taa za neoni, na alikuwa ameshajijengea jina kwa sanamu kubwa za faibaglasi zenye rangi za kung'aa. Moja yake, ya mpanda farasi, imesimama mbele ya jumba la sanaa ya Marekani la taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Kamati ilijua inapata nini.

Kamati za aina hii huwa hazina swali kuhusu karakana. Zina mtu wa kupima ubunifu, mtu wa kupima jinsi kazi itakavyokaa mahali pake, pengine na mhandisi wa kupima msingi. Ni nadra kumpata mtu wa kuuliza: paa la karakana ni refu kiasi gani, boriti yake inabeba kilo ngapi, winchi ni ya aina gani na ilikaguliwa lini, ni watu wangapi watakuwepo siku ya kugeuza kipande kikubwa? Kwa sanamu ya mita 2 maswali hayo ni ya ziada. Kwa sanamu ya mita 10 yanapaswa kuulizwa kabla ya sahihi kuwekwa, na anayefaa kuyauliza ni fundi wa kuinua mizigo kuliko mtunza makumbusho.

Bei

Mkataba wa bei moja jumuishi humlazimu msanii kutoa kila kitu ndani ya kiasi hichohicho. Dola 300,000 zinasikika nyingi hadi uzigawanye. Mgawanyo unaotumika sana kwenye mikataba ya aina hii ni kama ufuatao: ujira wa msanii asilimia 15 hadi 20, mhandisi na michoro yenye muhuri asilimia 5, vifaa na utengenezaji karibu nusu, usafirishaji, kreni na usimikaji asilimia 10 hadi 15, bima asilimia 3 hadi 5, akiba ya dharura asilimia 10. Kwa kipimo hicho vifaa na utengenezaji vinabaki na kama dola 150,000, nazo ndizo zinazobeba udongo, kalibu (maganda ya kunakilia umbo), rezini (utomvu wa plastiki unaoganda na kuwa mgumu), chuma, rangi na mishahara ya wasaidizi kwa miezi yote ya kazi.

Faibaglasi humdanganya asiyeijua. Sanamu iliyokamilika ni nyepesi kuliko ya shaba ya ukubwa uleule, kwa hiyo mtu hudhani ni rahisi. Lakini kazi yake hufanywa mara mbili. Kwanza hujengwa fremu ya chuma na umbo lote hufinyangwa juu yake kwa udongo. Juu ya udongo hutengenezwa kalibu, kipande kwa kipande. Kalibu zikishabanduliwa na kusafishwa, ndani yake hupakwa koti la rezini, kisha matabaka ya nyuzi za kioo na rezini hadi upatikane unene unaotakiwa. Vipande hutolewa, huunganishwa juu ya kiunzi cha chuma cha ndani, viungo hujazwa, na ndipo huanza msasa. Msasa hauna njia ya mkato. Rangi ya kung'aa huonyesha kila bonde na kila mstari wa kiungo, kwa hiyo kila sentimeta ya mraba hupitiwa kwa mkono. Ukiongeza urefu wa sanamu mara mbili, eneo la ngozi yake linaongezeka mara nne, na saa za msasa hufuata eneo.

Farasi anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma huongeza tatizo lingine. Mzigo wote hupita kwenye vifundo viwili vyembamba. Upepo wa nyanda za Colorado hukipiga kifua kama unavyopiga tanga, na nguvu hiyo yote hushuka kwenye chuma kilichofichwa ndani ya miguu hadi kwenye bolti za msingi. Mhandisi akitaka chuma kinene zaidi, msanii hulazimika ama kunenepesha mguu na kuharibu umbo, ama kutafuta chuma bora na ghali zaidi. Mabadiliko ya aina hii yakija baada ya kalibu kutengenezwa, kalibu hiyo hutupwa.

Kisha kuna muda. Kwa fahirisi ya bei ya Marekani, yaani kipimo cha kupanda kwa bei, dola 300,000 za mwaka 1993 zilikuwa sawa na takriban dola 447,000 za mwaka 2008. Kwa hiyo katika ile nyongeza ya dola 350,000 inayotajwa kila mara kama fedheha, kama dola 147,000 ni thamani ya fedha kushuka tu. Hesabu hii haifuti nyongeza iliyobaki, lakini inaonyesha gharama halisi ya ucheleweshaji pale bei ikiwa imegandishwa: msanii anafanya kazi kwa fedha inayopungua kila mwaka, na kila mwaka anaopunguza kasi ili atafute kazi nyingine za kumlisha, fedha hiyo inazidi kupungua.

Dawa inajulikana. Mkataba unaotarajiwa kupita miezi 24 huwekewa kifungu cha marekebisho ya bei kwa fahirisi, angalau kwa sehemu ya vifaa na utengenezaji. Na akiba ya dharura hushikwa na jiji, nje ya bei ya msanii, ikitolewa kwa barua inayoeleza sababu. Akiba ikiwa ndani ya bei ya msanii hutumika kwenye msasa, na siku ya dharura haipo.

Malipo na miadi

Ratiba ya malipo ndiyo mahali ambapo jiji humsaidia au humkaba msanii. Malipo makubwa mno mwanzoni huliacha jiji bila nguvu yoyote kazi ikisimama. Malipo yaliyorundikwa mwishoni humfanya msanii aliyefika katikati awe hana fedha za rezini. Mgawanyo unaostahimili ni huu: asilimia 10 kwenye sahihi, 15 michoro ya mwisho ikiwa na muhuri wa mhandisi, 25 kuanza utengenezaji, 25 baada ya mkaguzi wa jiji kufika karakanani na kuona kazi imefika nusu, 15 baada ya kusimikwa, na 10 ya mwisho kuzuiwa hadi kazi ipokelewe rasmi na kitabu cha matunzo kikabidhiwe.

Ile ziara ya karakanani ndiyo yenye thamani kuliko zote. Picha zinazotumwa kwa barua pepe hazitoshi, kwa kuwa farasi mwenye nusu ya udongo na farasi aliye tayari kutolewa kalibu hufanana kwenye picha. Mkaguzi akifika kila baada ya miezi 3, mwaka wa kwanza wa kuchelewa unajulikana ukiwa bado ni mwaka mmoja.

Kati ya Denver na Jiménez miadi ilipita na uhusiano ukafika kwa wanasheria. Jiji likishafika hapo halina njia nzuri iliyobaki. Likivunja mkataba, litapata vipande vya sanamu visivyounganika na hasara ya malipo ya awali. Likiendelea, litaonekana limeshindwa kusimamia. Njia ya busara ni usuluhishi wenye matokeo ya maandishi: ratiba mpya, bei mpya, na hatua ndogo zaidi zinazolipiwa moja moja.

Juni 13, 2006

Siku hiyo, katika karakana yake huko Hondo, New Mexico, sehemu ya kiwiliwili cha farasi iliyokuwa ikisogezwa kwa winchi ilichomoka na kumbana Jiménez kwenye nguzo ya chuma. Mshipa mkubwa wa damu mguuni ulikatika. Alifariki akiwa na miaka 65.

Tunaona vibaya kwamba tukio hili husimuliwa mara nyingi kama laana ya sanamu. Ni ajali ya kuinua mzigo, na ajali za kuinua mizigo zina sababu zinazojulikana katika karakana yoyote: kitovu cha uzito kisichokokotolewa upya baada ya kipande kuongezwa matabaka, sehemu ya kufungia iliyotengenezwa kwa ajili ya umbo la awali, mzigo mmoja kutegemea ndoano moja, mtu kusimama kati ya mzigo na kitu kisichosogea. Kipande cha faibaglasi chenye chuma ndani ni hatari kwa namna yake, kwa sababu uzito wake haukai pale jicho linapoudhania: ganda ni kubwa na jepesi, chuma kizito kiko upande mmoja.

Jiji linaloagiza kazi ya ukubwa huu lina haki, na sisi tunasema lina wajibu, wa kudai mpango wa kuinua kwa kila kipande kinachozidi kiasi fulani, tuseme kilo 200. Mpango huo ni ukurasa mmoja: uzito, kitovu chake, sehemu mbili au zaidi za kufungia, njia ya kupita, na nafasi ya kila mtu. Gharama yake ilipwe na jiji, nje ya bei ya kazi. Msanii anayejilipia usalama kutoka kwenye fedha zilezile za rezini ataahirisha usalama, hasa akiwa amechelewa na wanasheria wanampigia simu.

Baada ya kifo, kazi ilimaliziwa na wanawe, wafanyakazi wa karakana na mafundi waliobobea katika rangi za magari, na vipande vikaunganishwa huko California kabla ya kupelekwa Denver. Hili liliwezekana kwa sababu Jiménez alikuwa ameshamaliza kupaka rangi kichwa. Kichwa hicho kilikuwa sampuli iliyoidhinishwa na mkono wake mwenyewe: buluu ni hii, mng'ao ni huu, kivuli cha shingo kinaanzia hapa. Angekufa akiwa amemaliza mguu mmoja wa nyuma, mabishano kuhusu kazi hii kuwa yake au si yake yangekuwa marefu zaidi.

Kifungu cha kifo au ulemavu wa msanii kinahitaji mambo manne: nani anatajwa kumalizia, anamalizia kwa kufuata nini (mfano mdogo, michoro, vibao vya rangi vilivyosainiwa), kazi ikimalizwa na wengine itaitwaje, na hatua ipi ya utengenezaji ni ya chini mno kiasi kwamba kazi isimamishwe na hesabu zifungwe. Wasanii wengi hawapendi kukijadili. Kijadiliwe tu, siku ya sahihi, wakati wote wana afya.

Miaka mitano

Farasi aliposimama mwaka 2008, watu waliokuwa wameshirikishwa wakati wa uteuzi walikuwa wameshatawanyika, na uwanja wenyewe ulikuwa umefanya kazi miaka 13. Abiria walipata mshangao wa ghafla. Wenyeji wakampa jina la utani la Blucifer, kwa kuunganisha neno la Kiingereza blue (buluu) na Lucifer, jina la Shetani. Mwaka 2009 mkazi mmoja alianzisha ukurasa wa Facebook kutaka sanamu iondolewe. Macho mekundu ndiyo yaliyoshambuliwa zaidi, ilhali yana asili ya upole: ni kumbukumbu ya karakana ya neoni ya baba yake Jiménez. Jiji lingeweza kulieleza hilo miezi sita kabla ya kusimika. Maelezo yanayokuja baada ya hasira husikika kama utetezi.

Kilichomwokoa farasi ni sera ya Denver kwamba maombi ya kuondoa kazi ya sanaa hayazingatiwi hadi ipite miaka 5 tangu isimikwe. Wengine wangetaja sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 ya haki za wasanii wa sanaa za kuonekana, inayozuia kuharibiwa kwa kazi zenye hadhi inayotambulika. Lakini kwa kazi zilizotengenezwa baada ya sheria hiyo kuanza, haki hizo hudumu kwa uhai wa msanii, na Jiménez alishafariki kabla sanamu haijasimama. Sera ya jiji yenye sentensi chache ilikuwa kinga ya uhakika zaidi. Miaka mitano ni muda wa kutosha kwa abiria kumzoea, kwa watoto kumtafuta dirishani, na kwa hasira kutenganishwa na hoja. Farasi bado yupo.

Sasa kuna matunzo. Denver iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, ambako miale ya jua inayochubua rangi ni mikali kuliko pwani, na mvua ya mawe ni jambo la kawaida. Rangi juu ya faibaglasi hupauka kwanza sehemu zinazotazama kusini, kisha koti la juu hupata nyufa ndogo kama utando, maji huingia, na baridi huyagandisha ndani. Ukaguzi wa kila mwaka huanzia kwenye viungo na vifundo vya miguu, kwa kugonga na kusikiliza sauti ya uwazi palipoachana. Fedha za kazi hiyo lazima zitoke bajeti ya kawaida ya idara, kwa kuwa asilimia moja ilishatumika. Na siku ya kupaka upya, mpakaji atahitaji kumbukumbu ya fomula ya ile buluu, idadi ya makoti na mpangilio wake, iliyoandikwa na wale waliokifuata kichwa alichokipaka Jiménez.